Baba amenikabidhi bonde, chemchemi inakauka: nianzie wapi?

*Swali:* "Shikamoo mtaalamu. Nimekulia Mufindi, nikaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, sasa nimerudi nyumbani. Baba amenikabidhi eneo la kama ekari tano. Juu ni shamba la mahindi, chini ni bonde lenye chemchemi. Tulipokuwa watoto haikukauka mwaka mzima, siku hizi ikifika Septemba ni tope tu. Kuizunguka kuna milingoti (mikaratusi) aliyoipanda baba mwaka 2012, na pembeni yake vinyungu, vile vishamba vya bondeni vya kiangazi. Nimeamua kutunza mazingira kwa vitendo. Mwaka jana mwezi wa nne nilipata miche 300 ya mipaina, migrivea na mikuyu, tukaipanda bondeni na vijana wa kitongoji. Haijabaki hata 40. Nilikosea wapi, na nianzie wapi? Baba pia anauliza kama mizinga ya nyuki inaweza kuwekwa hapo." (Binti wa Mufindi)

*Jibu:*

Marahaba, binti, na kamwene kwa wote nyumbani.

Nianze na miche, maana ndiyo iliyokuvunja moyo. Iliuawa na kalenda. Siku ya kitaifa ya kupanda miti ni 1 Aprili, na kwa mikoa inayopata masika ya Machi hadi Mei hiyo ni tarehe nzuri. Kwetu Nyanda za Juu Kusini msimu wa mvua ni mmoja. Huanza Novemba, hukolea Desemba, na kufikia mwisho wa Aprili mvua zinaaga, isipokuwa upande wa Rungwe na Kyela ambako huendelea. Mche uliopandwa Mufindi mwezi wa nne hupata wiki chache za mvua, kisha baridi ya Juni na Julai, kisha kiangazi hadi Novemba, na muda wote huo mizizi yake bado imo ndani ya udongo wa kiriba, kile kifuko cha kitaluni. Panda kati ya katikati ya Desemba na mwisho wa Januari. Mvua ya kwanza isikudanganye: chimba kidogo, ukiona udongo umelowa sentimita 30 kwenda chini ndipo uanze.

Jambo la pili ni baridi yenyewe. Hewa baridi ni nzito, usiku huteremka kutoka kilimani na kutuama bondeni. Ndiyo maana asubuhi ya Julai unakuta umande umeganda kwenye majani huko chini wakati juu kwenye mahindi hakuna kitu. Bondeni kwako ndipo pagumu kuliko pote kwa mche mchanga, na jua la asubuhi likiupiga ghafla ukiwa umeganda, majani huwa kama yamemwagiwa maji ya moto. Kinga yake ni rahisi. Ifikapo mwisho wa Mei chomeka matawi au nyasi ndefu upande wa mashariki wa kila mche, zifunike na juu kidogo, uziondoe mwishoni mwa Agosti.

Na mipaina usiirudishe hapo. Migrivea ni mizuri kwenye mipaka ya shamba la mahindi. Mikuyu ndiyo ilikuwa na kazi bondeni, na nitairudia.

Sasa weka jembe chini kwanza, upime. Watu wengi wenye moyo kama wako huanza na miche kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye picha, na baada ya miaka mitano hawawezi kusema kama maji yameongezeka au yamepungua. Juni, Agosti na Oktoba, mwishoni mwa mwezi, kinga maji yote ya chemchemi kwenye ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde. Ndoo ikijaa kwa sekunde 80, ni lita 15 kwa dakika, yaani lita 21,600 kwa siku. Ikiwa Oktoba hakuna cha kukinga, fukua shimo la nusu mita palipo na tope, liache lilale usiku mmoja, kisha chomeka kijiti chenye alama za sentimita. Andika kwenye daftari, pamoja na tarehe ya mvua kubwa ya mwisho.

Siku hiyohiyo nenda kwa majirani. Je, chemchemi yao isiyo na milingoti nayo hukauka Septemba? Ikiwa nayo hukauka, basi tatizo linaanzia juu kilimani kwa wote na milingoti yako ni sehemu tu. Ikiwa yao inatiririka, mshtakiwa wa kwanza yuko kwako. Waulize na wazee jicho la maji, yaani pale yanapotokea ardhini, lilikuwa wapi hasa. Mara nyingi limehama mita chache, na watu wanachimba mahali pasipo.

Kwa maelezo yako naona wanyang'anyi watatu: mifereji ya vinyungu, milingoti, na namna shamba la juu linavyolimwa. Wengi wangekimbilia milingoti. Mimi ningeanza na mifereji, kwa sababu haina gharama na haihitaji ruhusa ya baba.

Kinyungu kinalimika kwa sababu umechimba mfereji wa kuondoa maji. Mfereji huo haujui kiangazi: unaendelea kukamua bonde usiku na mchana hata baada ya kuvuna maharage. Ardhi ya bondeni ile nyeusi ikishakauka na kupasuka, hushika maji kidogo kuliko zamani. Vinyungu vilivyo ndani ya mita 60 kutoka kwenye jicho vifunge kabisa. Septemba au Oktoba, maji yakiwa chini, ziba mfereji kwa vizuizi vya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, kila kimoja kikiwa na unene wa mita moja na kimezama sentimita 30 kwenye kingo zote mbili. Anza juu uteremke, na uweke kizuizi kingine kila mfereji unaposhuka sentimita 30 kwa kimo. Kizuizi kimoja kikubwa chini hakisaidii. Mvua ya Januari itakipasua na kwenda nacho. Juu ya vizuizi pandikiza matete au nyasi za hapohapo. Vinyungu vya nje ya mita 60 endelea navyo, ila mfereji usizidi kina cha sentimita 30.

Kipimo cha mita 60 sijakitunga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya umbali huo kando ya mito, maziwa na mabwawa, na kwenye chemchemi maofisa hutumia kipimo hichohicho. Lakini piga hesabu: duara la mita 60 ni karibu ekari 2.8, zaidi ya nusu ya eneo lenu. Kwa hiyo ligawe. Mita 30 za ndani, ambazo ni kama robo tatu ya ekari, ziwe za miti ya asili tu, hakuna jembe wala mifugo. Mita 30 za nje ziwe nyasi za kudumu za kukata kwa ajili ya ng'ombe. Hapo huvunji sheria na bado unapata kitu.

Tuje kwenye milingoti. Mzee wako hakufanya ujinga. Mwaka 2012 kila mtu alipanda, bei ya nguzo ilikuwa inavutia, na bondeni mti unakua upesi. Unakua upesi kwa sababu unakunywa upesi: una majani mwaka mzima na mizizi inayofuata maji chini wakati mimea mingine imelala kiangazi. Utafiti unaoonyesha hili waziwazi ulifanyika Mokobulaan, mashariki mwa Afrika Kusini. Mikaratusi ilipandwa kwenye eneo la kijito, na mwaka wa tisa kijito kikakauka kabisa. Miti ilikatwa ikiwa na miaka 16. Maji ya mwaka mzima yalirudi miaka mitano baadaye.

Hiyo mitano ndiyo ninayotaka uishike. Mizizi ilikuwa imekausha akiba ya chini kabisa ya udongo, na mvua za misimu ya kwanza zinajaza akiba hiyo kabla tone halijafika kwenye jicho. Ukikata mwaka huu na Oktoba ijayo ukakuta tope lilelile, usiseme nimedanganywa. Mwambie na baba mapema, kwa sababu ndiye atakayekuuliza.

Namna ya kukata: mwaka huu, kati ya Agosti na Oktoba, kata ile iliyo ndani ya mita 30 tu. Iliyobaki hadi mita 60 iache msimu mmoja au miwili ikinge upepo na baridi kwa miche utakayopanda ndani, kisha ikate nayo. Ukifyeka yote kwa mpigo unapata kipande cheupe kilicho wazi kwa baridi, na mvua kubwa inashusha udongo kwenye jicho. Magogo yavutwe kwenda juu, yasiburuzwe kupitia kwenye maji. Matawi yakatekate na kuyalaza kwa kukingama mteremko, nje ya mita 30, wala usiyachome hapo. Kabla nguzo hazijapanda gari, pita kwa afisa misitu wa wilaya upate kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia; bila hizo lori litashikwa kizuizini na faida yote itaishia kwenye faini.

Kukata ni nusu ya kazi. Mlingoti huchipua, na visiki vyenye machipukizi vinakunywa kama msitu mdogo. Kata kisiki chini kabisa, kisizidi sentimita 10 kutoka ardhini. Siku hiyohiyo, gome likiwa bado bichi, limenye lote kwa shoka au panga, ufukue na udongo pembeni ulimenye hadi sentimita 5 au 10 chini ya ardhi. Machipukizi hutoka chini ya gome pale shingo ya mti inapokutana na mizizi; ukimenya hadi juu ya udongo tu umefanya kazi bure. Yatakayotokeza yang'oe kwa mkono yakiwa hayajafika urefu wa goti, kila wiki nne wakati wa mvua. Usiyafyeke kwa panga, kwa sababu unaacha vijicho vinavyochipua maradufu. Kisiki kikaidi huchukua mwaka mmoja hadi miwili kufa. Oili chafu, dizeli na dawa za magugu visikaribie hapo: maji hayo yananywewa. Wala usichimbue visiki. Mizizi iliyokufa inashikilia kingo, na ikioza inaacha vinjia vya kupitisha maji ardhini.

Kuhusu fedha za baba, usimwendee na hotuba ya mazingira. Mwendee na mpango: mauzo ya milingoti hii yawe yake, na mingine mipya ipandwe kwenye kilele au mteremko mkavu mbali na maji, kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ambayo ni kama miti 450 kwa ekari. Mlingoti ukiwa mahali pake ni mti mzuri. Mufindi ingekuwa maskini bila miti ya kupandwa.

Sasa miche. Mita 30 za ndani zinatosha kama miti 170 kwa nafasi ya mita 4 kwa 4, lakini mwaka wa kwanza panda 60. Hiyo 60 utaweza kuipalilia, kuikinga na baridi na kuinywesha. Kiangazi cha kwanza kila mche unataka lita 5 kwa wiki, jumla ndoo 15. Miche 300 ingekudai ndoo 75 kila wiki, na hapo ndipo ahadi za wengi hufia.

Mti wa kwanza kwako ni mvengi, ule mzambarau wa porini unaokaa na miguu kwenye maji. Mbegu yake ina sharti moja: haivumilii kukauka. Ukianika kama mahindi imekufa. Okota matunda yaliyoiva yanapoanguka wakati wa mvua, toa nyama, osha, na upande ndani ya siku chache, kina cha sentimita moja, kivulini. Ukikosa mbegu, tafuta maotea, yaani miche iliyojiotea, chini ya mti mkubwa baada ya mvua, yale ya urefu wa kidole, uyang'oe na udongo wake na kuyatia kwenye viriba, kisha uyaweke kwenye kivuli kizito wiki tatu. Usiingie kuyatoa kwenye msitu wa hifadhi bila ruhusa.

Mkuyu ni kinyume chake: usihangaike na mbegu, ni vumbi. Kata vigingi vya urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, unene wa kifundo cha mkono, mwishoni mwa kiangazi kabla mti haujachipua. Viache kivulini siku mbili tatu utomvu ukauke, kisha vizamishe nusu mita ardhini, ncha ya juu ikibaki juu. Ukikigeuza hakioti, na hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokubali. Changanya na mwiza na mringaringa kwenye sehemu zisizo tope sana. Mianzi pia inafaa ukingoni kwa mbali, na kwenu haina haja ya kuelezewa faida yake, ila huenea, hivyo isikaribie jicho.

Mita 5 kuzunguka jicho usipande mti wowote. Acha nyasi, matete na majani mapana yajiotee.

Shimo liwe sentimita 45 kila upande, udongo wa juu uweke peke yake ndio urudi kwanza chini pamoja na debe nusu la samadi iliyoiva. Chana kiriba na ukitoe chote. Mizizi iliyojikunja chini ikate kwa wembe. Ukiiacha, mti utasimama miaka mitatu, kisha upepo utauangusha na utakuta mizizi imejisokota palepale. Palilia duara la mita moja kuzunguka mche mara mbili kwa msimu wa mvua, kwa miaka mitatu. Nyasi kavu za kufunikia ziwe umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, la sivyo mchwa na panya wanakaribishwa.

Haya yote yanalinda mdomo wa chemchemi. Maji yenyewe yanaingia ardhini juu, kwenye shamba la mahindi, na hapo ndipo kuna kazi kubwa kuliko bondeni. Matuta mengi ya kwetu yanashuka na mteremko kwa sababu ni rahisi kulima hivyo. Kila tuta linakuwa mfereji wa kutorosha mvua. Tengeneza fremu ya A: fito mbili za mita 2 zilizofungwa juu, moja ya kukingama katikati, na kamba yenye jiwe. Weka alama pale kamba inapokaa ardhi ikiwa sawa, kisha tembea nayo kwa kukata mteremko ukichomeka vijiti. Umepata kontua, yaani mstari ulio usawa mmoja kukata mteremko. Kwenye mstari huo chimba mtaro wa sentimita 60 kwa 60, udongo ukiutupa upande wa juu, na uache ukingo wa sentimita 30 kati ya mtaro na tuta. Tuta lipandwe majani ya mabingobingo au guatemala. Kontua inayofuata iwe chini kwa kimo cha macho yako: simama chini, tazama mbele usawa, na mahali macho yanapogusa mlima ndipo mstari wa juu ulipo. Mabua baada ya kuvuna yalaze, usiyachome. Kwenye mteremko mkali wa udongo tifutifu wa volkano, kama ule wa Rungwe, mtaro wa kina hivyo unaweza kuleta maporomoko; huko mistari ya nyasi peke yake inatosha. Wamatengo wa Mbinga wamelima miteremko mikali zaidi ya hiyo kwa mashimo yao ya ngoro kwa zaidi ya karne, na udongo bado upo.

Moto ni adui wa mwisho, naye anafuta kazi ya miaka mitatu kwa alasiri moja. Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi, fyeka na kukwatua njia ya mita 5 kuzunguka eneo lote. Kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, jambo hilo liingizwe kwenye kikao ili sheria ndogo za kijiji zikulinde, maana moto na mbuzi havitatoka kwako. Wakati huohuo waambie majirani wa chini. Maji yenu yanaingia Ruaha Ndogo au vijito vya upande wa pili wa Mufindi, na Ruaha Mkuu, ambao Ruaha Ndogo huuingia, kuanzia mwaka 1993 umekuwa ukikatika kiangazi. Ofisi ya Bonde la Rufiji iko Iringa mjini na inapenda kusikia watu wanaofunga mifereji kuliko wanaoomba kuichimba. Ukitaka baadaye kuvuta maji kwa bomba, kibali cha kutumia maji kinatoka huko.

Watu watakushauri kujenga kisima cha zege kwenye jicho. Subiri hadi maji yapite Oktoba mbili mfululizo. Siku ukijenga, bomba la kutolea lisiwe juu ya usawa ambao maji yanatokea yenyewe. Ukiyapandisha, yatatafuta njia nyingine na utabaki na sanduku kavu. Ng'ombe watengenezewe birika mita 30 chini ya hapo.

Na mizinga, ndiyo, mwambie baba inafaa, hasa mivengi ikianza kutoa maua. Iwekwe kwenye mita 30 za nje, upande wa mbali na njia ya wachota maji, milango ikitazama kinyume na njia hiyo, na itundikwe kwa waya uliopakwa grisi kuzuia siafu. Msimu huu wa kukata milingoti asiweke hata mmoja. Kelele za msumeno na nyuki havikai pamoja, na atakayeumwa ni mkataji aliye juu ya mti.